Mwongozo Kamili wa Kugawanya: Hatua, Sifa na Ukaguzi wa Jibu

Kati ya matendo manne ya hesabu, kugawanya ndilo tendo ambalo watu wengi hufika nalo utu uzimani wakizijua hatua zake bila kujua kwa nini hatua hizo hutoa jibu sahihi. Matokeo yake ni kwamba hatua moja ikisahaulika, kila kitu husimama. Mwongozo huu unaanza na mlinganyo mmoja tu, kisha unaonyesha jinsi mengine yote, yaani njia ndefu ya kugawanya, kanuni za sehemu na desimali, na hata katazo la kugawanya kwa sifuri, yanavyotokana nao. Mlinganyo wenyewe ni huu:

kigawanye = kigawanyo × hisa + baki

Kigawanye ni namba inayogawanywa, kigawanyo ni namba tunayogawanyia, hisa ni jibu, na baki ni kile kinachosalia. Tukigawanya 47 kwa 6 tunapata hisa 7 na baki 5, kwa sababu 47 = 6 × 7 + 5. Mlinganyo huu una sharti ambalo halipaswi kusahaulika kamwe: baki lisiwe chini ya sifuri, na liwe dogo kuliko kigawanyo. Bila sharti hilo mtu angeweza kuandika 47 = 6 × 5 + 17 na kudai kwamba jibu ni 5 baki 17, na usingekuwa na namna ya kumpinga, maana usawa wenyewe ni wa kweli. Sharti la baki ndilo linalohakikisha kwamba kila swali la kugawanya namba nzima lina jibu moja tu.

Baki likiwa sifuri, tunasema kigawanye kinagawanyika kwa kigawanyo bila baki. Hapo kigawanyo huitwa kigawo cha kigawanye, na kigawanye huitwa kigawe cha kigawanyo. Kwa mfano, 6 ni kigawo cha 42, na 42 ni kigawe cha 6.

Maswali mawili ndani ya tendo moja

Kabla ya kushika kalamu, jiulize swali lako ni la aina gani, kwa kuwa 56 ÷ 8 linaweza kuwa maswali mawili tofauti. La kwanza ni la kugawa: vitu 56 vikigawiwa watu 8 kwa usawa, kila mmoja atapata vingapi? La pili ni la kupima: vitu 56 vikifungwa katika mafungu ya vitu 8, tutapata mafungu mangapi? Yote mawili hutoa 7, lakini katika swali la kwanza 7 ni idadi ya vitu kwa kila mtu, na katika la pili 7 ni idadi ya mafungu.

Tofauti hii huonekana ndogo mpaka tunapofika kwenye sehemu. Ukiambiwa ugawanye 6 kwa nusu, swali la kugawa linakwama, kwa sababu hakuna anayeweza kuwaza vitu 6 vikigawiwa nusu ya mtu. Swali la kupima, kwa upande wake, liko wazi kabisa: nusu ngapi zimo ndani ya 6? Zimo 12. Hivyo 6 ÷ 1/2 = 12, na hapo hapo tunaona kwamba kugawanya si lazima kupunguze. Ukigawanya namba chanya kwa namba iliyo kati ya 0 na 1, jibu huwa kubwa kuliko kigawanye, na hakuna ajabu yoyote katika hilo.

Alama

Alama ÷ ilichapishwa kwa maana ya kugawanya mwaka 1659 na Johann Rahn, mwanahisabati wa Uswisi. Leibniz wa Ujerumani alipendelea nukta mbili (:), na nchi kadhaa za Ulaya bado zinaitumia. Mstari wa sehemu ni wa zamani kuliko zote mbili. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu waliutumia tangu karne ya 12. Kwenye kompyuta hutumika mkwaju (/). Zote zina maana moja, lakini kwa kazi ndefu ninashauri mstari wa sehemu, kwa sababu mstari huo hufanya kazi ya mabano: chochote kilicho juu yake kinahesabiwa pamoja kwanza, na chochote kilicho chini yake vilevile.

Njia ndefu, hatua kwa hatua

Njia ndefu inahitaji mambo mawili tu: kuijua orodha ya kuzidisha hadi 9 × 9, na kuelewa thamani ya nafasi ya tarakimu. Tuanze na kigawanyo chenye tarakimu moja, 8,439 ÷ 4.

Anza kushoto, kwenye maelfu. 4 inaingia katika 8 mara 2 bila kubaki kitu, kwa hiyo andika 2 juu ya 8. Shusha 4 ya mamia. 4 inaingia mara 1, andika 1. Shusha 3 ya makumi. Hapa 4 haiingii katika 3, na ndipo makosa mengi zaidi hutokea: mwanafunzi husogea mbele bila kuandika chochote. Kutoingia nako ni jibu, na jibu hilo ni 0, ambalo lazima liandikwe juu ya 3. Ile 3 inabaki kama makumi matatu. Shusha 9 ya mamoja kando yake, upate 39. 4 inaingia katika 39 mara 9, yaani 36, na kinasalia 3. Jibu ni 2,109 baki 3. Aliyeruka ile sifuri angepata 219, ambayo ni karibu sehemu moja ya kumi tu ya jibu la kweli.

Kwa nini tunaanza kushoto wakati kujumlisha, kutoa na kuzidisha huanza kulia? Kwa sababu kinachosalia katika nafasi kubwa kinaweza kuvunjwa na kuhamishiwa nafasi ndogo, kama makumi matatu yalivyogeuka mamoja thelathini hapo juu. Tulichofanya kwa kweli ni kulivunja kigawanye vipande vinavyogawanyika kirahisi:

8,439 = 8,000 + 400 + 36 + 3

Kisha tukagawanya kila kipande kwa 4 na kupata 2,000, 100 na 9, na 3 ikabaki. Njia ndefu nzima ni uvunjaji huu, uliopangwa ili usihitaji kuandika sifuri nyingi.

Sasa tuchukue kigawanyo chenye tarakimu mbili, 19,872 ÷ 64. Hatua ni zilezile nne zinazorudiwa, yaani kadiria, zidisha, toa, shusha, isipokuwa kukadiria kunahitaji umakini zaidi.

64 haiingii katika 1 wala katika 19, kwa hiyo tunaanza na 198. Kukadiria, tazama 19 na 6: 6 inaingia katika 19 mara 3. Jaribu 3: 64 × 3 = 192. Andika 3 juu ya 8, si juu ya 1 wala 9, kwa sababu tumegawanya 198 ambayo inaishia kwenye nafasi ya 8. Toa: 198 − 192 = 6. Shusha 7, upate 67. 64 inaingia mara 1; 67 − 64 = 3. Shusha 2, upate 32. 64 haiingii, kwa hiyo andika 0. Jibu ni 310 baki 32.

Makadirio hayafaulu mara ya kwanza kila wakati. Katika 1,566 ÷ 27, ukitazama 15 na 2 utakadiria 7; lakini 27 × 7 = 189, ambayo inazidi 156. Ukishuka hadi 6 unapata 162, bado inazidi. 5 inatoa 135 na inafaa, ikibakiza 21. Ungeweza kujiokoa na majaribio hayo mawili kwa kuikadiria 27 kuwa 30 badala ya kuitazama 2 peke yake, kwani 15 ÷ 3 = 5 moja kwa moja. Kigawanyo kikiishia na 6, 7, 8 au 9, kipandishe hadi kumi inayofuata kabla ya kukadiria. Shusha 6, upate 216, ambayo ni 27 × 8. Jibu ni 58, bila baki.

Kuna ishara mbili za kukuonya kwamba kadirio lako limekosea. Zao likiwa kubwa kuliko namba unayotoa, umekadiria juu mno, punguza moja. Kinachosalia kikiwa sawa na kigawanyo au kikubwa zaidi, umekadiria chini mno; ongeza moja. Ishara ya pili ni lile sharti la baki, safari hii likifanya kazi katika kila mstari wa hesabu.

Kwa asiyeikariri vizuri orodha ya kuzidisha, iko njia ya kale iliyotumiwa na waandishi wa Misri zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, nayo inahitaji kujua kuongeza maradufu tu. Kutafuta 437 ÷ 19, andika maradufu ya 19: moja ni 19, mbili ni 38, nne ni 76, nane ni 152, kumi na sita ni 304. Inayofuata, 608, imezidi 437, kwa hiyo simama. Sasa tafuta kati ya hizo zile zinazojumlika kuwa 437: 304 + 76 + 38 + 19 = 437. Jibu ni 16 + 4 + 2 + 1, yaani 23. Njia hii ni ya polepole, lakini haidanganyi, na inaonyesha wazi kwamba kugawanya ni kutafuta kigawanyo kimo mara ngapi.

Baki lifanyiwe nini?

Hesabu inakupa baki. Muktadha ndio unaokuambia ulifanyie nini. Chukua 50 ÷ 8, ambayo ni 6 baki 2. Watu 50 wakisafiri kwa magari ya watu 8 kila moja, yanahitajika magari 7, kwa sababu wale wawili waliobaki nao lazima wafike. Kamba ya mita 50 ikikatwa vipande vya mita 8, tunapata vipande 6, na mita 2 zinazobaki hazihesabiwi kuwa kipande. Lita 50 za maji zikigawiwa vyombo 8 kwa usawa, kila chombo kinapata lita 6.25, na baki limegawanywa nalo. Jibu la karatasi ni lilelile, lakini majibu ya kweli ni matatu: 7, 6 na 6.25. Kanuni ya kukadiria desimali, ile isemayo kwamba chini ya nusu inatupwa, haina nafasi katika mfano wa magari.

Kuna mtego mwingine unaostahili kutajwa. Tunajua kwamba 700 ÷ 200 ina hisa sawa na 7 ÷ 2, kwa kuwa sifuri mbili zimefutwa pande zote. Hisa ni 3 katika hesabu zote mbili, lakini mabaki hayalingani: 7 ÷ 2 inabakiza 1, na 700 ÷ 200 inabakiza 100. Ukiingiza katika mlinganyo, utaona sababu: 700 = 200 × 3 + 100. Anayefuta sifuri ili kurahisisha kazi ni lazima azirudishe kwenye baki.

Sifa za kugawanya

Kujumlisha na kuzidisha vinakubali mambo mengi ambayo kugawanya hakukubali, na sehemu kubwa ya makosa ya aljebra huzaliwa hapo.

Huwezi kubadilisha nafasi za namba. 12 ÷ 3 = 4, lakini 3 ÷ 12 = 1/4. Majibu hayo hayalingani, ingawa yana uhusiano: moja ni kinyume cha jingine, na yakizidishwa hutoa 1.

Huwezi kuhamisha mabano ovyo. (48 ÷ 8) ÷ 2 = 6 ÷ 2 = 3, ilhali 48 ÷ (8 ÷ 2) = 48 ÷ 4 = 12. Pasipo mabano, fanya kazi kutoka kushoto kwenda kulia, na kumbuka kwamba kugawanya mara mbili mfululizo ni sawa na kugawanya mara moja kwa zao la vigawanyo: 48 ÷ 8 ÷ 2 = 48 ÷ 16 = 3. Hii hufaa sana kichwani. Kugawanya kwa 12 unaweza kugawanya kwa 3 kisha kwa 4, na kugawanya kwa 8 unaweza kugawanya kwa 2 mara tatu.

Unaweza kukivunja kigawanye kwa kujumlisha au kutoa, lakini kigawanyo hakivunjiki. (84 + 36) ÷ 12 ni sawa na 84 ÷ 12 + 36 ÷ 12, yaani 7 + 3 = 10. Sifa hii ndiyo msingi wa njia ndefu. Lakini 120 ÷ (8 + 4) ni 10, na si 120 ÷ 8 + 120 ÷ 4, ambayo ingetoa 15 + 30 = 45.

Kugawanya kwa 1 hakubadilishi kitu: 35 ÷ 1 = 35. Namba yoyote isiyo sifuri ikigawanywa kwa namba hiyo hiyo hutoa 1. Sifuri ikigawanywa kwa namba yoyote isiyo sifuri hutoa sifuri.

Ukigawanya namba nzima kwa namba nzima, jibu si lazima liwe namba nzima. 3 ÷ 4 linatutoa nje ya kundi hilo kabisa. Kujumlisha na kuzidisha namba nzima hakututoi nje hata mara moja. Upungufu huu ndio sababu mojawapo ya kuwapo kwa sehemu: katika ulimwengu wa sehemu, kila mgawanyo una jibu, isipokuwa ule wa sifuri.

Na sifa ambayo ningependa kila msomaji aishike kuliko nyingine zote ni hii: ukizidisha kigawanye na kigawanyo kwa namba ileile isiyo sifuri, au ukivigawanya vyote viwili kwa namba ileile, hisa haibadiliki. 15 ÷ 5, 30 ÷ 10 na 150 ÷ 50 zote ni 3. Kanuni za kugawanya desimali na sehemu, ambazo kwa kawaida hukaririwa kama mambo mawili yasiyohusiana, zinatoka katika sifa hii moja.

Desimali

Turudi kwenye 19,872 ÷ 64 iliyotuachia baki 32. Tukitaka kuendelea, tunaweka nukta ya desimali baada ya 310 na kushusha 0, kwa maana mamoja 32 ni sawa na sehemu za kumi 320. 64 inaingia katika 320 mara 5 kamili. Jibu ni 310.5.

Kigawanyo kikiwa na desimali, kiondolee desimali hiyo kwa sifa tuliyoitaja sasa hivi. Katika 4.32 ÷ 0.6, zidisha pande zote mbili kwa 10 upate 43.2 ÷ 6, kisha ugawanye kama kawaida: 7.2. Hakuna haja ya kuiondoa desimali ya kigawanye. Kinachohitaji kuwa namba nzima ni kigawanyo pekee.

Desimali nyingine hufika mwisho na nyingine hazifiki. 7 ÷ 8 inaacha mabaki 6, 4, kisha 0, na jibu ni 0.875. 5 ÷ 7 ni jambo jingine. Baada ya kushusha sifuri ya kwanza, mabaki yanayofuatana ni 1, 3, 2, 6, 4, na kisha 5, namba ileile tuliyoanza nayo; kuanzia hapo kila kitu kinajirudia, na jibu ni 0.714285714285… bila kikomo. Kujirudia huko hakuepukiki. Baki lazima liwe dogo kuliko 7, na lisipokuwa sifuri linaweza kuwa 1 hadi 6 tu, kwa hiyo kufikia hatua ya saba lazima baki moja liwe limeshatokea. Kanuni ya jumla ni kwamba, sehemu ikisharahisishwa, desimali yake hufika mwisho ikiwa asili, yaani namba iliyo chini ya mstari, haina vigawo vingine vya namba tasa isipokuwa 2 na 5, ambavyo ndivyo vigawo vya 10.

Sehemu

Kila mtu amefundishwa kugeuza sehemu ya pili juu chini kisha kuzidisha. Hii hapa sababu. Tuchukue 3/4 ÷ 2/5. Tunataka kigawanyo kiwe 1, kwa sababu kugawanya kwa 1 hakubadilishi kitu. Tunazidisha 2/5 kwa kinyume chake, 5/2, na tunapata 1. Lakini ili hisa isibadilike, lazima tuzidishe na 3/4 kwa 5/2. Kigawanye sasa ni 15/8, kigawanyo ni 1, na jibu ni 15/8, yaani 1 na 7/8. Hakuna kilichogeuzwa kwa uchawi. Hakiki: 2/5 × 15/8 = 30/40 = 3/4.

Ni kigawanyo ndicho kinachogeuzwa, kamwe si kigawanye, na namba mchanganyiko, kama 2 na 1/3, lazima igeuzwe kwanza kuwa 7/3 kabla ya kufanya lolote.

Sifuri kama kigawanyo

Hapa hatupaswi kuridhika na jibu la "haiwezekani" lisilo na maelezo, kwa kuwa sababu ziko mbili na hazifanani.

Tuseme 12 ÷ 0 ina jibu, tuliite x. Basi 0 × x ingekuwa 12. Lakini sifuri mara namba yoyote ni sifuri, kwa hiyo hakuna x inayofaa. Sasa chukua 0 ÷ 0. Tunatafuta x ambayo 0 × x = 0, na safari hii kila namba inafaa: 1, 7, −300. Katika swali la kwanza jibu halipo, katika la pili majibu yamezidi mno hata haliwezi kuchaguliwa moja. Na kwa upande wa baki, baki lisilo chini ya sifuri haliwezi kuwa dogo kuliko kigawanyo ikiwa kigawanyo chenyewe ni sifuri. Kila njia inafungwa.

Brahmagupta wa India, aliyeandika kanuni za kufanya hesabu kwa sifuri mwaka 628, alisema kwamba sifuri kugawanywa kwa sifuri ni sifuri. Kanuni zake za kujumlisha, kutoa na kuzidisha sifuri bado tunazitumia, lakini hiyo haikukubaliwa. Wengine hupendekeza kwamba 12 ÷ 0 iwe kitu kisicho na kikomo, na pendekezo hilo lina mvuto: 12 ÷ 0.1 = 120, 12 ÷ 0.01 = 1,200, na jibu linazidi kupanda kadiri kigawanyo kinavyokaribia sifuri. Lakini ukikaribia kutoka upande wa namba hasi, 12 ÷ −0.01 = −1,200, na jibu linazidi kushuka. Pande mbili hazikutani popote.

Katika aljebra sifuri hujificha. Kwenye mlinganyo x² = 5x, wengi hugawanya pande zote kwa x na kupata x = 5, wakipoteza jibu la pili, x = 0, kwa sababu waligawanya kwa kitu ambacho kingeweza kuwa sifuri. Kabla ya kugawanya kwa herufi, andika kwanza kwamba herufi hiyo si sifuri, kisha shughulikia hali ya sifuri peke yake.

Namba hasi

Alama zikifanana, hisa ni chanya. Zikitofautiana, ni hasi. −20 ÷ −4 = 5, na −20 ÷ 4 = −5. Ugumu uko kwenye baki. −17 ÷ 5 ni ngapi? Ukifuata sharti letu, jibu ni −4 baki 3, kwa kuwa 5 × (−4) + 3 = −17. Wengi wangesema −3 baki −2, na mlinganyo unatimia, ila baki limeshuka chini ya sifuri. Hata lugha za programu hazikubaliani hapa: Python hutoa −4 na 3, ilhali C hutoa −3 na −2. Anayehamisha hesabu kutoka lugha moja hadi nyingine inampasa aliangalie hili kabla ya kuamini matokeo.

Kujua mapema kama namba inagawanyika

Namba hugawanyika kwa 2 ikiishia na tarakimu shufwa, kwa 5 ikiishia na 0 au 5, kwa 4 ikiwa tarakimu mbili za mwisho zinagawanyika kwa 4, na kwa 8 ikiwa tatu za mwisho zinagawanyika kwa 8. Kwa 3 au 9, jumlisha tarakimu: 19,872 inatoa 27, ambayo inagawanyika kwa 9, kwa hiyo 19,872 nayo inagawanyika. Siri yake ni kwamba 10, 100, 1,000 na kuendelea zote hubakiza 1 zikigawanywa kwa 9, hivyo kila tarakimu hubakiza thamani yake yenyewe, haidhuru iko nafasi gani. Kwa 6, namba ipite kipimo cha 2 na cha 3. Kwa 7, gawanya tu. Vipimo vilivyopo huchukua muda uleule.

Mpangilio wa matendo

Neno MAGAZIJUTO hutusaidia kukumbuka mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa, ila lisomwe kwa uangalifu. Kugawanya na kuzidisha vina cheo kimoja, na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia. Hali kadhalika kujumlisha na kutoa. 24 ÷ 4 × 2 ni 12. Anayezidisha kwanza hupata 3, na amekosea. Vilevile 10 − 3 + 2 ni 9, ingawa anayelifuata neno hilo herufi kwa herufi atajumlisha kwanza na kupata 5.

Kukagua jibu

Ukaguzi kamili ni kurudi kwenye mlinganyo: 64 × 310 + 32 = 19,840 + 32 = 19,872. Huu hautoi nafasi ya shaka, na kwa kazi muhimu usiuruke.

Wa haraka ni ule wa tisa. Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja, na 9 ihesabu kuwa 0. 64 inakuwa 10, kisha 1. 310 inakuwa 4. 32 inakuwa 5. Upande wa kulia, 1 × 4 + 5 = 9, yaani 0. Kigawanye 19,872 kinatoa 27, kisha 9, yaani 0. Pande zinalingana. Lakini ukaguzi huu una upofu mahali penye kosa la kawaida kabisa: ungesahau ile sifuri ya mwisho ukaandika 31, jumla ya tarakimu bado ingekuwa 4 na kila kitu kingeonekana sawa. Kwa hiyo uandamane na makadirio ya ukubwa. 19,872 ni karibu 20,000, na 64 ni karibu 60. 20,000 ÷ 60 ni zaidi kidogo ya 300. Hisa lazima iwe na tarakimu tatu, na 31 inakataliwa kabla hujazidisha chochote.